Valma Treloar na Kufuli la Ukumbini

Valma Treloar hakuumbiwa kukaa. Wapo watu ambao ukiwapa kiti, kikombe cha chai na upepo kidogo wa bahari wanamshukuru Mungu na kunyamaza. Yeye ukimpa kiti anauliza kimetoka wapi, na kama huko kilikotoka hakitakiwi tena. Miaka yote ya nguvu zake aliendesha basi la shule kwenye barabara za vumbi nyuma ya mji wa Port Tregarn, akiokota watoto wa wakulima wa ngano lango kwa lango, na siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani na kumwambia sasa apumzike. Saa akaitundika jikoni. Kupumzika kukamshinda.

Yeye na mumewe Lindsay walipohamia Samphire, kijiji chetu cha wastaafu, watu walidhani atatulia. Nyumba zetu ni ndogo, za matofali, zimebanana kati ya ukumbi na uwanja wa matufe, ule mchezo wa wazee wa kuviringisha tufe juu ya nyasi, na bustani ya kila mtu unaweza kuimwagilia kwa birika la chai. Mtu mwingine angechoka kuzitazama siku ya kwanza. Valma alizizunguka kila asubuhi kabla jua halijaanza kuchoma, akiangalia pazia la nani limefunguliwa na la nani bado, maana hapa kwetu pazia lililofungwa mpaka saa tatu ni habari. Coral Jolly, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane mnene mwenye moyo mbovu na ulimi mzima, alimpa jina la Bi Kiherehere.

"Bi Kiherehere, unapita tena?" Coral alimpigia kelele kutoka barazani. "Utachimba mfereji hapo mlangoni kwangu!"

"Pazia lako lilikuwa limefungwa."

"Nilikuwa nimelala, shoga. Watu hulala. Hujapata kusikia?"

"Siku nyingine ukilala mpaka saa hizi navunja dirisha."

"Vunja. Ila uje na chai."

Watu walimcheka, lakini kiherehere chake kilikuwa na mzizi. Enzi za basi, wakubwa waliamuru mtungi wa kuzimia moto ufungiwe kwenye sanduku la nyuma kwa sababu watoto walikuwa wakiuchezea. Valma aliutoa siku ileile akauweka chini ya kiti chake, karibu na kisigino. Akakaripiwa, akasikia, akaendelea kuuweka palepale. Siku injini iliposhika moto, aliuzima kabla watoto wa viti vya nyuma hawajajua kwa nini basi limesimama. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndivyo alivyokuwa akisema, na sisi tunaoishi na nyoka wa kahawia nyuma ya mapipa ya taka hatuhitaji kufafanuliwa.

Basi, tuje kwenye mashine iliyoleta maneno yote haya.

Roly Hocking, mkazi mwenzetu, alianguka kwa moyo mbele ya masanduku ya barua, mchana kweupe, na tangazo la duka la vitanda mkononi. Gari la wagonjwa kwetu huendeshwa na watu wa kujitolea, mmoja anaacha trekta, mwingine anafunga duka, na hata wafanye haraka vipi, barabara ni ileile. Walipofika Roly alikuwa ameshapoa. Siku ya mazishi, mbele ya sahani za keki, kamati ya wakazi iliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena. Tutanunua mashine ya kushtua moyo uliosimama, yetu wenyewe.

Tukainunua kwa pasti. Huku kwetu, kwa wajukuu wa wachimba shaba, harusi, msiba na mpira wa miguu vyote huishia kwenye pasti, ile sambusa kubwa ya kuokwa yenye nyama, viazi na vitunguu. Kila Ijumaa akina mama walikusanyika jikoni kwa ukumbi, Coral akiwa jemadari wao, wakakanda na kukunja na kuoka, na Jumamosi wanaume wakaenda kuziuza uwanjani. Ilichukua majira mazima ya baridi. Mashine ilipofika ilikuwa ndogo kuliko redio, rangi ya kijani, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke mtulivu anayekuelekeza la kufanya. Kila mtu alijaribu juu ya mwanasesere wa mazoezi. Clive Pengelly, mwenyekiti wa kamati, alimkandamiza yule mwanasesere mpaka tukamwonea huruma.

Tuliipenda mashine ile kama kifungua mimba. Ubaya ulianzia hapo, maana kitu ulichokitolea jasho hukiachi mlangoni. Haikupita muda, wezi wakavunja karakana ya wanaume na kuondoka na mashine ya kuchomelea. Kamati ikashikwa na baridi. Leo ya kuchomelea, kesho ya moyo. Wakamwendea Lindsay.

Lindsay Treloar alikuwa mrefu, mkimya, amekakamaa kama mzizi wa mti wa nyikani. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mizani kwenye maghala ya ngano, na funguo zote za maghala zilikaa kiunoni kwake. Mkulima akifika na lori, Lindsay yupo. Hakuna siku aliitwa asije. Hakuna hata gunia moja lililopotea mikononi mwake, na alilijua hilo, na ndilo jambo la pekee alilojivunia katika dunia hii, ukimwondoa Valma. Alipostaafu akazirudisha funguo, na mkewe anasema kwa miezi mingi mkono wake ulikuwa ukienda kiunoni kutafuta kisichokuwepo.

Kwa hiyo kamati ilipomwomba, alisimama wima kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Akatengeneza kabati la chuma kwa mikono yake, akalikaza ukutani ndani ya ukumbi, akalitia kufuli nene kama andazi. Ufunguo akauvalia shingoni kwa uzi mgumu wa kuvulia samaki, chini ya shati. Kufuli lilikuja na funguo mbili. Wa pili alikwenda nao mpaka mwisho wa gati akautupa baharini.

"Umefanya nini?" Valma alimuuliza, bakuli la viazi mkononi.

"Ufunguo wa pili ni wa mwizi."

"Ufunguo wa pili ni wa akiba, mzee! Akiba haiozi!"

"Huozea mfukoni mwa mtu mwingine."

Tangu siku hiyo Valma hakupata raha. Kila alipopita ukumbini aliingia akalitikisa lile kufuli, si kwamba alidhani litafunguka, ni mkono tu ulikuwa ukiwasha. Chakula kikimshuka, anawaza kabati. Akianua nguo, anawaza kabati. Na kila alipowaza kabati alimwona Coral, uso umemtoka rangi, amelala barazani na pazia halijafunguliwa, na Lindsay yuko gatini anatega kaa, na ufunguo uko gatini pamoja naye. Moyo ulimdunda akiwa amesimama, akiwa amekaa ulimdunda zaidi.

Akapeleka hoja kwenye mkutano wa kamati. Alisimama, maana hata mkutanoni hakai, akasema wazi: mashine itolewe nje, ukutani, chini ya taa, bila kufuli, kila mwenye mkono aifikie.

"Nje?" alisema Clive. "Val mpenzi, kwa nini tusiifunge na utepe kabisa, tuandike juu yake 'zawadi'?"

Ukumbi ukacheka.

"Nani ataiba mashine ya moyo, Clive?"

"Yuleyule aliyeiba ya kuchomelea. Unadhani alikuwa na kitu cha kuchomelea? Kauza."

"Mimi nimekanda unga mpaka vidole vimepinda kama kucha za kaa," alisema Coral. "Siiachi nje. Nisamehe, shoga, lakini siiachi."

"Wewe ndiye mwenye moyo mbovu! Ni kwa ajili yako nasema!"

"Basi ukiniona naanguka, mwite Lindsay kwanza. Mimi nitaanguka taratibu nimsubiri."

Wakacheka tena, na Coral ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka akashika kifua, na Valma akaruka kutoka aliposimama. Ilikuwa kicheko tu. Mikono ikainuliwa kulitetea kufuli, ukumbi mzima. Mkono wa Valma ukabaki peke yake upande wa pili. Lindsay hakuinua popote. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Walipofika mlangoni kwao Lindsay akamgeukia.

"Umeniaibisha."

"Nimekuaibisha nini? Nimesema kuhusu kufuli."

"Umesema mbele ya watu kwamba siku nikihitajika sitakuwepo. Lini niliitwa nisije, Val?"

Kweli hakukuwa na siku hiyo, na Valma alilijua. Alimpenda sana mtu huyu, tuseme hilo bila kuzunguka. Alipenda jinsi alivyokuja kila alipoitwa. Na sasa alikuwa akimnyang'anya kitu cha mwisho kilichomfanya aitwe.

"Mimi nipo," Lindsay alisema. "Saa yoyote. Kaa basi, unywe chai."

Alikunywa kwa kusimama.

Mwezi wa Septemba Lindsay alipata kikohozi kisichokwisha, daktari akamtuma hospitali ya mjini akapigwe picha ya kifua. Muuguzi akamwambia avue kila kitu cha chuma. Lindsay aliitazama korido nzima, huku na huku, ndipo akauvua ule uzi na kumkabidhi mkewe.

"Usiuweke mfukoni. Ushike."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Valma akabaki na ufunguo kiganjani, una joto la mwili. Ng'ambo ya barabara, dirishani kwa fundi viatu, palikuwa na kibao chenye picha ya ufunguo, maana mafundi viatu wa huku huchonga funguo pia. Miguu ikaenda yenyewe. Alikwisha kuvuka barabara na kusimama mbele ya kaunta kabla hajajiuliza anafanya nini, na fundi alikwisha kunyoosha mkono.

"Wa kuchonga huu, mama? Dakika tu."

Dakika tu. Halafu angerudi, na Lindsay angetoka akifunga vifungo vya shati, na angemuuliza kama anavyouliza siku zote, umekaa wapi, na yeye angejibu nimekaa hapahapa. Katika ndoa yao yote hawajapata kudanganyana hata kuhusu bei ya kofia. Alimwona fundi anangoja. Akaufunga mkono.

"Hapana," alisema. "Nimekosea duka."

Lindsay alitoka anatabasamu. Kifua safi, daktari amesema, mapafu ya kijana. Akainamisha kichwa kama anayevikwa medali, na Valma akamvisha ufunguo kwa mikono yake mwenyewe, akauingiza chini ya shati, akafunga kifungo juu yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Januari, upepo wa kaskazini unatoka jangwani kama mtu kafungua mlango wa tanuri. Mashindano ya matufe hayaahirishwi kwa ajili ya joto, labda kwa ajili ya mvua, na mvua hatuijui. Wazee wote walikuwa na kofia nyeupe. Valma alikuwa kwenye meza ya chai, anagawa vikombe kwa watu ambao hawajaviomba, na jicho lake lilikuwa kwa Coral, aliyekaa kivulini juu ya kigari chake cha betri akijipepea kwa bamba la matokeo.

"Uko salama?"

"Niko salama, Bi Kiherehere. Mtazame mumeo, anataka kutupa tufe."

Lindsay akainama, mkono mrefu, tufe likamtoka kiganjani pole pole kama kawaida yake. Watu wote tulilifuata kwa macho. Likaenda, likapinda, likaingia katikati ya mengine bila kuyagusa, likasimama ubavuni mwa kile kitufe kidogo cheupe ambacho kila mchezaji hukilenga. "Tufe zuri, Lindsay!" mtu alipiga kelele. Ndipo tukageuka kumpongeza na kumkuta bado ameinama, na alipokuwa bado ameinama akaenda chini, uso kwenye nyasi.

Valma alifika wa kwanza. Alimgeuza. Macho yalikuwa wazi na hayamwoni mtu. Pumzi moja ya kukoroma, halafu hakuna.

"Piga simu!" alisema. "Clive! Leta mashine! Kimbia!"

Mtu akapiga simu, sauti ya mwanamke wa huduma ya dharura ikatoka simuni ikisema kandamiza kifua, katikati, kwa nguvu, usiache. Valma akapiga magoti akakandamiza. Alihisi ubavu ukivunjika chini ya mikono yake akaendelea. Clive naye alikimbia, Mungu ambariki, na nyonga yake ya bandia, kofia ikamtoka, akakata uwanja mzima mpaka ukumbini. Tulimwona akiingia. Tukangoja. Sijui ni muda gani, na sitaki kujua.

Alitoka mikono mitupu.

Alirudi njia ileile, anachechemea sasa, anahema, akasimama mbele ya Valma na uso wa mtoto aliyevunja sahani.

"Val," alisema. "Kuna kufuli."

Alisema kana kwamba ndiyo kwanza analisikia. Wala usimcheke peke yake. Valma mwenyewe, aliyeimba wimbo wa kufuli lile mpaka watu wakaziba masikio, alikuwa amelisahau. Katika hofu zake zote mtu wa kuanguka alikuwa Coral, na mtu wa kukimbia na ufunguo alikuwa Lindsay. Lindsay alikuwa mtu wa kuitwa. Hakuna aliyewahi kufikiria siku ambayo yeye ndiye angeitiwa wengine.

Na pale ndipo alipoutambua ule ugumu uliokuwa ukimchoma kiganjani tangu mwanzo, kila alipokandamiza. Alidhani ni kifungo. Alirarua shati. Ufunguo ulikuwa umelala katikati ya kifua, na chini yake ngozi ilikwisha kuchukua umbo lake.

Akauvuta. Uzi wa kuvulia haukatiki, na katika hofu ile hakuna aliyekumbuka kuupitisha kichwani. Akauvuta tena, kichwa cha Lindsay kikainuka na kuanguka.

"Usiache kukandamiza!" ilisema simu.

"Coral! Mkasi!"

Coral hutembea na mfuko wa kushonea kama wengine wanavyotembea na dawa. Alikiendesha kigari mpaka ndani ya uwanja, juu ya nyasi ambazo hata watoto wa wajukuu hawaruhusiwi kuzikanyaga na viatu, magurudumu yakaacha michirizi miwili. Akainama kutoka kitini, akakata uzi, akaukwapua ufunguo.

"Nakwenda mimi," alisema. "Ninyi wote miguu yenu ni mibovu kuliko moyo wangu."

Akaondoka kwa kasi yote ya betri, ambayo si kasi. Valma alikandamiza. Jasho liliingia machoni mwake akakandamiza. Alimwita Lindsay kwa jina, kwanza kwa kubembeleza, halafu kwa kumfokea, kama alivyokuwa akimwita wakati wa chakula. Hii ndiyo mara ya kwanza aliitwa asije.

Coral alirudi na mashine mapajani. Ile sauti tulivu ya mashine ikasema bandika hapa, bandika pale, halafu ikasema: "Usimguse mgonjwa." Tukarudi nyuma sote. Valma peke yake alibaki amemshika, ikabidi Clive amkamate mabega na kumvuta. Katika maisha yake yote hakuna aliyepata kumwambia asifanye lolote naye akatii. Akakaa juu ya nyasi, mikono hewani. Mwili wa Lindsay ukaruka mara moja.

Moyo ulirudi kabla ya gari la wagonjwa. Watu walilia, wengine wakapiga makofi, Coral akatapika kwenye kitalu cha mawaridi. Mashine iliyonunuliwa kwa pasti ilifanya kazi yake. Sisi ndio tulioichelewesha.

Kutoka hospitali kubwa ya Adelaide walimrudisha baada ya majira kubadilika. Uso ni uleule, mikono ileile, anamjua Valma, anamjua kila mkulima aliyewahi kupanda juu ya mizani yake. Lakini jambo jipya halikai. Unamwambia, anaitikia, linamtoka. Ubongo ulikosa hewa muda mrefu mno, daktari alisema. Hakusema muda huo ulikwenda wapi. Hakukuwa na haja.

Clive alikuwa ameling'oa kabati kwa mikono yake, bila mkutano, bila kura. Mashine sasa ilikaa nje, ukutani, chini ya taa, ndani ya kisanduku chenye kijimlango cha kubana tu. Clive alikwenda kwa Valma na kofia mkononi. Valma akamwekea chai. Alikuwa amekipata alichokitaka, na hakumwambia mtu yeyote hivyo.

Tatizo lilikuwa jioni. Kila jioni baada ya chai mkono wa Lindsay ulipanda shingoni. Ukatafuta. Akasimama, akapapasa shati, akafungua droo.

"Ufunguo wangu uko wapi?"

"Hatufungi tena, Lindsay. Mashine ipo nje."

"Nje? Nani kasema?"

"Sote tumesema."

"Na ikiibiwa? Akina mama wamekanda unga mpaka vidole..." Akageuka mlangoni. "Kwa nini mmeitoa?"

"Kuna mtu alianguka, tukachelewa kufungua."

"Nani alianguka?"

Valma alimwambia ukweli, kama walivyozoeana. "Wewe."

Uso ulimshuka. "Na ufunguo nilikuwa nao?"

"Ulikuwa nao."

Alikaa chini, akashika kichwa, akasema alikuwepo pale, pale kabisa, na ufunguo shingoni. Asubuhi alikuwa amesahau. Jioni iliyofuata mkono ukapanda tena shingoni, na Valma akamwambia tena, na Lindsay akasikia tena kwa mara ya kwanza. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka Valma akaanza kuliogopa jua likielekea baharini.

"Mpe ufunguo," alisema Coral, aliyekuwa akisikia yote kupitia ukutani.

"Unafungua nini? Kufuli lilitupwa."

"Haufungui kitu. Mpe tu."

"Sijawahi kumdanganya, Coral. Hata siku moja."

"Basi endelea na ukweli wako, shoga. Utammaliza nao kidogo kidogo, kila siku baada ya chai." Coral alifungua mfuko wa kushonea. Ufunguo ulikuwa humo tangu ile Jumamosi, na kipande cha uzi kilichokatwa. "Sikujua niupeleke wapi," alisema, na mara hii hakuwa na mzaha.

Jioni hiyo mkono ulipopanda shingoni, Valma, aliyekwisha kuuunga uzi kwa fundo, alisema, "Inama." Lindsay akainamisha kichwa. Akamvisha, akauingiza chini ya shati, akafunga kifungo.

Walikwenda pamoja mpaka ukumbini. Mbele ya kisanduku Lindsay aliutoa ufunguo, akaushika mbele yake, akatafuta pa kuuingiza. Valma aliupitisha mkono wake haraka, akabana kijimlango, kikatoa mlio mdogo.

"Imefungwa?"

"Imefungwa, Lindsay."

"Na wakinihitaji?"

"Nitakuita."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akakaa kwenye benchi chini ya taa na kugusa nafasi iliyo kando yake. "Kaa, Val. Unanichosha kukutazama."

Akakaa. Mguu wake mmoja ulikuwa ukipiga chini, lakini alikaa, na tangu siku hiyo hukaa hapo kila jioni. Na kila Lindsay anapoelekeza uso upande wa maghala, yeye hupitisha mkono nyuma ya benchi pole pole na kukijaribu kijimlango, kama kinafunguka.